Kabla fundi hajakata kitambaa, muulize mtoto atanyonyea wapi

Gauni limeshonwa Kashai, kitenge kimechaguliwa na kamati nzima ya sendofu, mkanda umekaa kiunoni na zipu imepita mgongoni kutoka shingoni hadi nyongani. Linapendeza. Shida huanza saa mbili baadaye ukumbini, pale mtoto wa miezi mitatu anapoanza kulia na mama anagundua kwamba ili amnyonyeshe ni lazima avue gauni zima.

Hapo kila mmoja hutafuta njia yake. Yupo anayekimbilia chooni na kunyonyesha akiwa amesimama, gauni limeshuka hadi kiunoni, wifi yake akilinda mlango. Yupo anayemnywesha mtoto maji kwa kijiko ili anyamaze kwanza. Na yupo aliyeliona hilo mapema, akamwacha mtoto kwa bibi yake Rwamishenye na chupa ya uji mwepesi.

Kliniki za Bukoba na Muleba humfundisha mama jinsi ya kumpakata mtoto, kumshikisha titi vizuri na kula mlo kamili. Nguo hazitajwi sana. Lakini mkoani Kagera, ambako sherehe ni nyingi, mvua haikauki na safari za haisi na mitumbwi ni za kila siku, nguo ya mama mara nyingi ndiyo inayoamua kama mtoto atanyonya sasa hivi au atasubiri.

Titi halisubiri sherehe iishe

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Mama anayekaa saa nne au tano ukumbini bila kunyonyesha huruka mara moja au mbili. Kwanza matiti hujaa, yakawa magumu na yenye maumivu, na maziwa hulowesha gauni mbele ya wageni. La pili halionekani kwa macho: mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakibaki ndani kwa muda mrefu, mwili hupunguza kasi ya kuyatengeneza. Siku moja haimalizi maziwa ya mama, ila Jumamosi za mfululizo, kwa mama mwenye ndugu wengi wanaoolewa, zinaweza kumletea yale malalamiko ya kila siku kwamba "maziwa yamepungua".

Kile kijiko cha maji nacho si kidogo kama kinavyoonekana. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata siku ya jua kali. Maji ya ukumbini, ambayo hakuna anayejua kama yamechemshwa, huweza kumletea mtoto kuhara.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa tayari anapewa kitu kingine. Sababu zake ni nyingi na nguo haiwezi kubeba lawama zote, lakini ni sababu ambayo familia inaweza kuiondoa wiki hii kwa zipu mbili na saa moja ya fundi.

Mambo ya kumwambia fundi

Sare ya sherehe haimlazimishi mama kuwa tofauti na wenzake. Kitambaa kile kile, rangi ile ile na hata mtindo ule ule vinawezekana. Kinachobadilika ni mahali nguo inapofungukia.

Njia inayoficha vizuri zaidi ni zipu mbili zinazowekwa ndani ya ile mishono miwili inayoshuka kifuani, moja kulia na nyingine kushoto. Zikifungwa, gauni halitofautiani na la mtu mwingine. Mwambie fundi aweke kipande laini cha bitana nyuma ya kila zipu, maana meno ya zipu hukwaruza shavu la mtoto na chuchu ya mama pia. Wasiopenda zipu wanaweza kushonewa kifua cha tabaka mbili: la juu linaning'inia kama pazia fupi, la chini lina uwazi pembeni. Na kama kamati haina masharti makali, blauzi na sketi humaliza ubishi wote, kwa sababu mama hupandisha blauzi kidogo na mambo yakaendelea.

Fundi aache pia akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni. Kifua cha mama wa wiki mbili si kile cha mama wa miezi minane, na hata ndani ya siku moja hubadilika kabla na baada ya kunyonyesha. Gauni lililopimwa matiti yakiwa matupu litabana yakijaa.

Shanga, vito vya kung'aa na lesi ngumu vikae mikononi au kwenye pindo la chini. Kifuani humchoma mtoto usoni, na shanga iliyolegea huishia mdomoni mwake.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili hapo hapo kwa fundi. Kaa kwenye benchi, pakata mkoba kwa mkono wa kushoto kama unavyompakata mtoto, kisha fungua gauni kwa mkono wa kulia peke yake. Badilisha upande. Ukihitaji mkono wa tatu, gauni halijaisha.

Kwa gauni ambalo tayari liko kabatini, fundi anaweza kufumua mshono wa ubavuni kuanzia chini ya kwapa kwa urefu wa kiganja na nusu, akaweka zipu hapo. Ni kazi ndogo kuliko kushona nguo mpya.

Kina bibi huenda hawayaoni haya kuwa mageni. Gomesi, vazi linalohusishwa na fundi Mgoa wa huko Uganda aliyeitwa Gomes na ambalo huonekana katika sherehe upande huu wa mpaka pia, lina shingo pana ya mraba na vifungo viwili upande wa kushoto. Mtindo wa zipu ya mgongoni ndio uliokuja na kumsahau mtoto.

Sidiria ya kuchagua na ya kuacha

Kwenye marundo ya mitumba sokoni, sidiria ni kati ya nguo zinazochaguliwa kwa haraka zaidi, labda kwa aibu ya kuzigeuzageuza mbele za watu. Inafaa kuchukua muda. Yenye waya chini ya kikombe iachwe. Waya huo hukandamiza titi mahali pamoja, na nguo inayobana titi ni moja ya mambo yanayoweza kuzuia maziwa kutoka vizuri hadi mrija ukaziba. Mama huhisi uvimbe mgumu wenye maumivu sehemu moja. Likiachwa, titi huweza kuvimba, kuwa la moto na mama akapata homa. Hapo aende kituo cha afya mapema huku akiendelea kunyonyesha, kwa sababu kumwachisha mtoto ghafla huzidisha tatizo.

Ukivua sidiria jioni ukakuta alama za mistari iliyozama kwenye ngozi, ni ndogo. Ni vizuri pia kutoinunua mapema wakati wa ujauzito. Subiri maziwa yaanze kujaa, siku chache baada ya kujifungua, ndipo utajua kipimo chako. Ya mitumba ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani na ipigwe pasi kabla ya kuvaliwa.

Asiye na sidiria ya kunyonyeshea ana njia nyingine ambayo haimgharimu hata shilingi. Chukua singlendi ya pamba iliyochakaa kidogo, kata uwazi wa duara chini ya kila mkanda mahali titi lilipo, pinda kingo zake. Ivae ndani ya blauzi au fulana. Ukipandisha ya juu, mtoto anafika, na tumbo na mgongo vinabaki vimefunikwa.

Mvua ya Bukoba

Tumbo kufunikwa si jambo la urembo tu. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka au zaidi, na asubuhi ya Aprili juu Kamachumu si ya kukaa na kifua wazi. Tabaka mbili nyepesi zinafaa kuliko sweta moja zito la kuvulia kichwani. Sweta la vifungo mbele ni bora zaidi.

Kitambaa kiwe cha pamba kadiri inavyowezekana. Vitenge vya bei nafuu vingi vina nyuzi za plastiki, na jicho peke yake hudanganywa. Mafundi huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: wa pamba hugeuka majivu, wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nguo ya plastiki haifyonzi jasho wala maziwa, na mtoto aliyebanwa nayo huchemka.

Kwa maziwa yanayovuja, vipande vya kanga kuukuu au flaneli vilivyokunjwa mara tatu nne na kushonwa duara vinatosha kuwekwa ndani ya sidiria. Kosa ni kukaa na kilicholowa kutwa nzima, kwa kuwa unyevu na joto hulainisha ngozi ya chuchu ikapasuka na huwapa fangasi mahali pa kuota. Vinahitajika vingi vya kubadilisha.

Msimu wa mvua nguo hizo huanikwa popote, hata juu ya majani chini ya migomba. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu. Funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza vijipu. Nguo inayogusa titi na uso wa mtoto ianikwe kwenye kamba, ikauke kabisa na ipigwe pasi ya moto, hasa kwenye mapindo.

Kliniki, haisi na mtumbwi

Siku za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni siku za kuvaa nguo inayofunguka haraka kuliko zote. Mtoto akiwa ananyonya wakati anachomwa sindano huumia kidogo zaidi na hunyamaza mapema. Mama mwenye gauni la zipu mgongoni humshika tu mtoto analia. Vivyo hivyo siku ya kujifungua: gauni la vifungo mbele hurahisisha mtoto kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Mama wa mtoto njiti, anayekaa naye kifuani kwa siku nyingi, hulihitaji zaidi.

Ndani ya haisi ya Bukoba kwenda Muleba, mama akiwa amebanwa kati ya abiria wawili na ndoo ya ndizi miguuni, hakuna nafasi ya kuhangaika na mavazi. Blauzi pana na kanga moja begani zinatosha. Kanga ifunike bega na titi, isifunike uso wa mtoto. Apate hewa na mama aone kama anapumua vizuri. Wala si lazima mama ajifunike kama hataki. Vijijini wanawake wamenyonyesha barazani na minadani miaka yote bila mtu kugeuza shingo. Aibu hii imeletwa zaidi na mjini.

Kwa wanaovuka ziwa kwenda Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, jambo moja halina mjadala. Jaketi okozi hufungwa kifuani, juu ya nguo yoyote, na likifungwa vizuri mtoto hawezi kunyonya. Asilivue majini kwa ajili hiyo. Anyonyeshe ufukweni, dakika za mwisho kabla ya kupanda, na tena mara tu akishuka.

Saa mbili za kisheria

Mwalimu wa Nshamba au karani wa Bukoba mjini hurudi kazini mtoto akiwa bado mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri ampe mama nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Dakika kumi za kufungua na kufunga nguo kila mara huzila saa hizo. Blauzi ya vifungo yenye maua au rangi nzito huficha doa la maziwa darasani, na blauzi ya pili ikae kwenye droo.

Baba ana sehemu yake. Ndiye mara nyingi anayetoa fedha ya sare, na ndiye anayeweza kuiambia kamati mapema kwamba mke wake atashona mtindo wa kunyonyeshea, jambo ambalo mkwe mgeni huona taabu kulisema mbele ya mashangazi.

Mtoto akishaacha ziwa, mishono ile hurudishwa kwa fundi. Zipu zikitolewa taratibu bila kukatwa, zinafaa kwa gauni la mdogo mtu atakayejifungua baadaye.