Pipa la Metsamor Lililookwa Upya

Je, wajua kwamba chuma huzeeka hata kisipoona kutu? Muulize fundi wa kituo cha nyuklia cha Metsamor, Armenia.

Kinu cha pili cha kituo hicho kilianza kazi mwaka 1980. Moyo wake ni pipa la chuma lenye ukuta wa sentimita 14 hivi, na humo ndani urani hupasuka na kutoa joto. Hutoka pia nyutroni, nazo zikiugonga ukuta huzing'oa atomi za chuma mahali pake. Nyingi hurudi papo hapo. Zisizorudi huacha mapengo, na miaka ikipita, chembe za shaba na fosforasi zilizobaki chumani tangu kiwandani hujikusanya vishada vishada. Chuma huzidi kuwa kigumu, na ubaya uko hapo hapo: kigumu hakinepi, hupasuka. Siku ya dharura, maji baridi yakimwagwa ghafla ndani ya pipa la moto, ufa unaweza kukimbia. Kinachotiliwa shaka zaidi ni mshono wa kuchomelea unaolizunguka pipa mkabala na urani.

Kulibadilisha pipa? Lina zaidi ya tani 200, limezungukwa na zege na limejaa mionzi. Kukifunga kinu, Waarmenia walishajaribu: kilizimwa mwaka 1989 baada ya tetemeko la ardhi, wakaishi gizani miaka kadhaa mpaka kilipowashwa tena 1995.

Basi mwaka 2021 urani na maji viliondolewa, likateremshwa tanuri la umeme, na ukuta ukapashwa hadi nyuzi 475 kwa siku kadhaa, kisha ukaachwa upoe taratibu. Kinu kikiwa kazini, ukuta haufiki hata nyuzi 350, joto lisilotosha kuzihamisha atomi zilizokwama. Kwa nyuzi 475 zinahama: mapengo yanazibika, vishada vinavunjika au kuungana kuwa vichache, na chuma kinaanza tena kunepa. Mhunzi anayepasha shaba iliyokakamaa kwa nyundo anafanya jambo lile lile, ila yeye haogopi mionzi.

Warusi walikuwa wameshafanya hivyo Novovoronezh mwaka 1987, na Wafini Loviisa mwaka 1996. Marekani, pamoja na wingi wa vinu vyake vya umeme vya kibiashara, haijakioka hata kimoja.

Dawa hii haizuii ugonjwa kurudi. Kinu kikiwashwa tu, nyutroni zinaanza tena kuupiga ukuta, ndiyo maana wataalamu huendelea kupima vipande vya chuma hicho kujua kimebakiwa na unepo kiasi gani.