Nyaya zikipita juu ya ghala lako, daftari ndilo litakalokutetea

Wanaopita Namanga wameiona minara ya chuma inayovuka mpaka. Ni njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Arusha hadi Singida, zaidi ya kilomita 500, iliyojengwa ili iweze kupitisha hadi megawati 2,000. Kusini upo mradi wa TAZA, wa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, wenye lengo la kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia. Umeme, kwa maneno mengine, unavukia pale pale tunapovukia sisi na magunia yetu.

Kwa mkulima, habari ya njia ya umeme ni habari ya shamba. Kwa mfanyabiashara wa mpakani ni habari ya ghala, mashine ya kukoboa, kibanda cha chakula na uwanja wa kuegesha malori, mali ambayo mara nyingi iko kwenye ardhi ya kijiji nje kidogo ya mji, ambako kodi ni nafuu. Bahati mbaya, ndiko wapangaji wa njia wanakopendelea kupitisha mkuza. Hukwepa katikati ya mji, shule, makaburi na misikiti, na hutafuta mstari ulionyooka, kwa sababu kila kona inadai mnara mzito na wa gharama zaidi. Mkuza wa msongo huo una upana wa zaidi ya mita 50, na ndani yake hairuhusiwi nyumba, kontena wala mti mrefu.

Kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, wapimaji hupita na vigingi, mikutano ya kijiji hufanyika, kisha huja wathamini. Hapo ndipo fedha yako inapoamuliwa. Siku ya uthamini hutangazwa, na chochote kinachojengwa baada yake hakihesabiwi. Wapo wanaoharakisha kusimamisha banda la mabati usiku wakidhani wamewahi. Wanapoteza mabati.

Sheria hazifanani pande zote mbili za mpaka. Kenya, kwa kawaida, hati ya ardhi hubaki mikononi mwa mwenyewe. Analipwa kwa haki ya nyaya kupita, pamoja na majengo na mazao yanayoondolewa. Tanzania, ardhi ya mkuza hutwaliwa na mwenyewe analipwa fidia. Msingi wa hesabu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni za fidia za mwaka 2001. Kanuni hizo wafanyabiashara wengi hawajazisikia, nami nadhani zingestahili kubandikwa ukutani kila soko la mpakani.

Zinasema nini? Mbali na thamani ya ardhi na jengo, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Usafiri huhesabiwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mwenye ghala la mahindi atacheka, maana tani 12 ni sehemu tu ya shehena ya lori moja. Lakini kipengele kikubwa kwetu ni upotevu wa faida: faida halisi ya mwezi ya biashara iliyopo kwenye ardhi hiyo huzidishwa kwa miezi 36. Chukua mtu anayebaki na shilingi 800,000 kwa mwezi baada ya kulipa kodi, vibarua na mafuta. Mara 36, hiyo ni shilingi milioni 28.8. Kwa wengi wetu ni zaidi ya thamani ya ghala lenyewe.

Tatizo ni ushahidi. Kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa, inapobidi, na mthamini hawezi kuandika faida aliyosimuliwa kwa mdomo. Anayefanya biashara bila leseni, bila risiti, bila kumbukumbu za makadirio ya kodi, anafika mbele ya mthamini akiwa na jengo tu. Na yule ambaye kwa miaka mingi ameiambia mamlaka ya mapato kwamba hapati kitu, atashangaa karatasi zile zile zikimhukumu. Ikiwa ardhi haikuwa inatumika wakati inatwaliwa, posho za usafiri, makazi na faida hazilipwi kabisa. Kiwanja kilichozungushiwa ukuta kikisubiri bei ipande kitalipwa kama kiwanja.

Kuna la pili, nalo linauma zaidi. Asiye raia wa Tanzania hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo wenzetu kutoka ng'ambo ya mpaka hujenga ghala kwa jina la shemeji, la mke, la rafiki wa siku nyingi. Mambo yakiwa shwari hakuna anayeuliza. Fomu ya uthamini inapofika, jina linaloandikwa ni la mwenye ardhi, picha ni yake na akaunti ya benki ni yake. Hata mpangaji halali anaweza kukosa nafasi iwapo siku hiyo alikuwa safarini na funguo kaachiwa kijana wa dukani. Mkataba wa pango ulioshuhudiwa na mtendaji wa kijiji au wakili, ukitaja nani mwenye jengo na nani mwenye biashara, ndio unaompa mthamini sababu ya kuandika majina mawili badala ya moja.

Baada ya kusaini, hesabu siku. Tanzania, uthamini una ukomo wa miaka miwili. Malipo yakichelewa kupita miezi 6 tangu uthamini kuidhinishwa, riba huanza kudaiwa. Andika tarehe hiyo, na omba nakala ya fomu kabla wathamini hawajapanda gari.