Pengo la Mfupa na Kiunzi cha Kauri



Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na malori na bodaboda hupishana usiku na mchana. Ajali ikitokea, miguu huvunjika. Mara nyingi mfupa ukinyooshwa na kutulizwa hujiunga wenyewe. Lakini kipande kikisagika, au kikiondolewa kwa sababu ya usaha, hubaki pengo ambalo mwili hauwezi kulivuka peke yake. Kijana aliyekuwa akilisha familia hubaki na magongo. Je, pengo hilo hujazwa na nini?

Njia iliyozoeleka ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, hasa kwenye nyonga. Huo ni mzuri sana kwa kuwa una seli hai. Hata hivyo, kiasi chake ni kidogo, na mgonjwa hupata kidonda cha pili. Ndiyo maana madaktari walitafuta kibadala. Mwaka 1892 Mjerumani Dreesmann alijaza mapengo kwa plasta ya jasi, ambayo huyeyuka upesi mwilini. Mwaka 1920 Fred Albee wa Marekani alieleza matumizi ya fosfati ya kalsiamu. Sehemu kubwa ya uzito wa mfupa ni madini ya aina hiyo. Fosfati ya Minjingu, ambayo wakulima wetu huijua kama mbolea, ni ya ukoo huo huo.

Kiunzi hutengenezwaje? Njia mojawapo ni kuchovya sifongo katika uji wa unga wa madini hayo yaliyosafishwa, kuikausha, kisha kuichoma kwa nyuzi joto zaidi ya 1000. Sifongo huungua, ikabaki kauri yenye matundu. Mfinyanzi hukataa chungu kinachovuja. Hapa matundu ndiyo kazi yenyewe. Yakiwa na upana wa mikromita 100 hadi 500, yaani tangu unene wa unywele hadi nusu milimita, mishipa ya damu hupenya na seli hujenga mfupa mpya kwenye kuta zake. Seli nyingine humega kauri polepole. Hidroksiapatiti hudumu miaka mingi, trikalsiamu fosfati huisha mapema zaidi. Kwa hiyo huchanganywa.

Mipaka ipo. Kauri huvunjika kama chungu, hivyo mguu unaobeba uzito huhitaji pia vyuma. Tena haifai penye usaha, wala pasipo damu ya kutosha. Kwa sababu hiyo, mfupa uliotoboa ngozi ni wa kukimbizwa hospitali siku ile ile, si wa kukandwa nyumbani.

Sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Aristotle: kitu cha asili kina ndani yake chanzo cha mabadiliko yake, lakini kilichotengenezwa hakina. Kauri haijui kuota. Mfupa ndio unaojua. Daktari huandaa mahali tu. Hapa Njombe tunaona milunda ikishikilia mafundi mpaka ukuta usimame, kisha huondolewa. Kiunzi chema cha kauri nacho ni hivyo: hushikilia nafasi, kisha humwachia mwenyewe.