Jenereta ya Kambini: Ukimya ni Heshima, Lakini Pia ni Mtego

Kila mwaka, unapofika msimu wa joto katika nchi za kaskazini, barabara za Marekani na Kanada hujaa magari ya kambi. Hayo ni magari makubwa yenye vitanda, jiko, jokofu na choo ndani yake; mengine huenda kwa injini yake yenyewe na mengine hukokotwa. Jamaa nzima hufunga safari, ikaegesha msituni au kando ya ziwa, ikalala huko siku kadhaa. Miongoni mwa wasafiri hao siku hizi wamo ndugu zetu waliohamia nchi hizo kwa kazi na masomo. Wanachokikimbia wote ni kelele za mji. Basi ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi yao huibeba kelele hiyo hiyo garini, na kuiwasha mara tu wanapotua mizigo.

Kelele hiyo ni ya jenereta. Hatusemi kwamba jenereta ni kitu kibaya. Viwanja vingi vya kambi katika hifadhi za taifa za Marekani havina umeme, na betri za gari, ingawa zatosha kwa taa na pampu ya maji, haziwezi kuendesha kiyoyozi usiku kucha. Tunachosema ni kwamba wanunuzi wengi huingia dukani na swali moja tu: mashine hii ina nguvu kiasi gani? Yafaa waulize matatu. Mimi nahitaji nguvu kiasi gani? Jirani yangu ataisikiaje? Na moshi wake utakwenda wapi? Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa.

Tuanze na la kwanza. Mahitaji huhesabiwa kwa wati, na hesabu yenyewe si ngumu. Chaja ya betri ya gari la kambi huvuta wati 600 hivi. Jiko la mikrowevu linaloandikwa wati 1,000 huvuta kiasi cha 1,500. Kiyoyozi cha juu ya paa cha kipimo cha BTU 13,500, ambacho ni cha kawaida katika magari hayo, huhitaji kiasi cha wati 1,300 hadi 1,600 kikiwa kimekwisha kushika mwendo. Lakini katika nukta ya kuanza huhitaji maradufu au zaidi. Hapo ndipo mashine ndogo nyingi huzimika. Asiyetumia kiyoyozi hana haja ya jenereta kubwa. Anayekitumia anaweza kufunga kifaa cha kulainisha mwanzo wa kiyoyozi, au kuunganisha jenereta mbili ndogo zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Mashine kubwa kupita haja ni mzigo mgongoni, petroli iliyopotea na mngurumo wa bure. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Msomaji atazame vizuri kibandiko cha mashine, kwani huandikwa tarakimu mbili. Ile kubwa ni nguvu ya kitambo kidogo. Ile ndogo ndiyo nguvu ya kazi ya saa zote. Tuchukue mfano wa Honda EU2200i, iliyotoka mwaka 2018, si kwa kuitangaza bali kwa kuwa imekuwa kama kipimo cha wenzake. Jina lasema 2,200, lakini nguvu yake ya kudumu ni wati 1,800. Ina uzito wa kilo 21 hivi, na tangi lake la lita 3.6 huiendesha kwa saa tatu na kidogo ikibebeshwa mzigo wote, au saa nane ikibebeshwa robo ya mzigo.

Tena kuna jambo la mwinuko wa nchi. Injini ya petroli huvuta hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, jenereta hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake. Katika hifadhi ya Yellowstone, ambako kambi za kando ya ziwa ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mashine ya wati 1,800 hubaki na 1,300 hivi. Aliyepiga hesabu yake pwani atashangaa kuona kiyoyozi kimegoma.

Sasa tuje kwa jirani. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza mashine inayozidi desibeli 60 ikipimwa kutoka umbali wa futi 50, yaani mita 15. Kadhalika hifadhi nyingi zimeweka saa maalumu. Kule Yosemite watu hutakiwa kutumia jenereta kwa uchache, saa moja hadi saa tatu asubuhi, saa sita hadi saa nane mchana, na saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Katika kambi za Yellowstone zinazoruhusu jenereta, ruhusa huanzia saa mbili asubuhi na kukoma saa mbili usiku. Mwenye kupanga kuendesha kiyoyozi hadi alfajiri ajue kwamba sheria imekwisha kumkatalia.

Katika kupima ukimya, mnunuzi asihadaike na namba. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio la mtu husikia kana kwamba kelele imekuwa maradufu. Na namba inayotangazwa dukani aghalabu imepimwa kutoka mita 7, mashine ikibeba robo ya mzigo wake. Lazima kuuliza: imepimwa kutoka umbali gani, na kwa mzigo gani? Honda tuliyoitaja hutangazwa kuwa na desibeli 48 kwa mzigo mdogo na 57 kwa mzigo kamili. Jenereta za fremu wazi zinazotumiwa na mafundi ujenzi hufika 70 na kupita.

Tofauti hii ina sababu yake. Jenereta ya kawaida ya aina hiyo lazima injini izunguke mara 3,600 kwa dakika wakati wote ili itoe umeme wa hezi 60 unaotumika Marekani, hata ikiwa imewasha taa moja. Jenereta ya inveta haifungwi na sharti hilo. Umeme wake hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja kama wa betri, kisha chombo cha elektroniki huugeuza tena kuwa umeme wa nyumbani ulio safi. Kwa hiyo injini huweza kwenda polepole mzigo unapokuwa mdogo, ikanong'ona badala ya kunguruma, na ikabana petroli. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa kambini hatuoni nyingine ya kushauri.

Kuhusu uaminifu wa mashine, tusiulaumu utengenezaji kabla ya kuyatazama matunzo. Honda huelekeza oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita. Petroli iliyolala miezi ndani ya kabureta hugeuka gundi. Ndiyo maana jenereta nyingi hukataa kuwaka siku ya kwanza ya safari. Kabla ya kuihifadhi mashine, petroli imwagwe au iachwe iungue yote. Mnunuzi aulize pia kama vipuri vinapatikana karibu, na kama bomba la moshi lina kizuia cheche, maana cheche moja yatosha kuteketeza msitu.

Tumefika kwenye moshi. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani hukadiria kwamba watu wapatao 100 hufa kila mwaka nchini humo kwa gesi itokayo katika jenereta za kubebeka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Aliyelala usingizi haoni dalili yoyote, hulala moja kwa moja. Na hapa ndipo ukimya unapogeuka mtego. Jenereta yenye kelele hujifukuza yenyewe, kwani hakuna awezaye kuivumilia dirishani. Ile tulivu huvumilika, basi huwekwa chini ya turubai la mlangoni, au karibu na kitanda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ushauri wa Tume hiyo ni kuiweka mashine nje, umbali wa futi 20, yaani mita 6, au zaidi, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha. Waya wa umeme wa gari la kambi aghalabu hupita mita 7, kwa hiyo hakuna udhuru. Madirisha ya jirani nayo ni madirisha. Isiwashwe kamwe ndani ya hema wala ndani ya buti, na izimwe kabla ya watu kulala. King'ora cha gesi hiyo kiwemo garini, na betri yake ijaribiwe kabla ya safari. Dukani, tafuta mashine iliyofuata kiwango cha UL 2201, ambacho hudai mashine itoe gesi kidogo na pia ijizime gesi inapozidi. Kiwango kingine, PGMA G300, hudai kujizima tu.

Neno moja kwa ndugu zetu wanaofikiri kuituma mashine hiyo nyumbani baada ya kuichoka. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Wetu Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Zawadi hiyo itawatia wazee gharama. Lakini kanuni ya moshi haina volti. Jenereta iliyowekwa kwenye veranda ya duka au ukumbini kwa kuogopa wezi, umeme unapokatika, huua vilevile kama ile ya kambini.

Basi twawashauri wasomaji wanunue mashine kwa kipimo cha haja yao, wachague ya inveta, na waiwashe saa mbili za mchana ili kujaza betri, wakisaidiwa na jua wakiweza, kisha usiku waiache ipumzike. Jirani atawashukuru kwa utulivu huo. Hata hivyo, wasiupime usalama kwa sikio. Mashine inayonong'ona nayo ina moshi, na mita zile sita ni za lazima kwake pia.