Amana Iliyo Chini ya Kiti

Kila aliyepanda ndege kutoka Mombasa kwenda Nairobi, au aliyemsindikiza mzazi wake katika safari ya Hija, ameyaona haya. Kabla ya ndege kuruka, mhudumu husimama kati ya viti akaonyesha namna ya kufunga mkanda, namna ya kuvaa barakoa ya oksijeni, na mahali lilipo jaketi la kuokolea. Wakati huo wengi wetu twasoma dua ya safari, twamtuliza mtoto, au twachungulia dirishani. Ni wachache wajiulizao: jaketi hilo nani alilikunja? Nani aliyehakikisha kwamba litajaa hewa siku likihitajiwa?

Juma hili, wapenzi wasomaji, twataka kuizungumza kazi ya mtu huyo, kwa sababu tumeikuta ikijadiliwa ndani ya nyumba ya jamaa zetu.

Nyumba hiyo iko Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mwenyeji wetu, mama wa asili ya pwani, ni fundi wa cherehani, na alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mahamri. Nje, sauti za nyundo kutoka karakana za mafundi wa chuma hazikukatika tangu asubuhi. Bintiye amemaliza kidato cha nne na amefanya vyema katika hisabati na fizikia. Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Moja imeletwa na wakala apelekaye wasichana Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Ya pili ni fomu ya chuo cha mambo ya ndege kilichoko Embakasi. Mjomba wa binti, ambaye kauli yake ni nzito katika ukoo ule, alikuwa keshaamua.

"Ndege ni za marubani, na marubani ni watoto wa matajiri," alisema. "Wewe utakwenda kufanya nini huko?"

"Mjomba, sitaki kurusha ndege," binti alijibu kwa adabu. "Nataka kutunza vile vifaa vinavyookoa watu."

Mjomba alinyamaza, nasi tukanyamaza, kwani hakuna aliyejua vyema vifaa hivyo ni vipi na vyatunzwa vipi. Tuliporudi tukafanya bidii ya kujifunza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ndani ya ndege ya abiria mna vifaa vingi ambavyo vimewekwa kwa ajili ya siku ambayo kila mmoja aomba isifike: majaketi ya kuokolea, maboti ya mpira, mitelezo ya kushukia abiria kwa haraka, mitungi na barakoa za oksijeni, mitungi ya kuzimia moto, na kifaa kinachotuma ishara kwa setilaiti ndege inapoanguka ili waokoaji wajue ilipo. Katika jeshi la anga huongezwa parachuti, kofia za marubani, na viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege iliyoharibika. Kila kimoja kina muda wake wa kukaguliwa. Muda huo ukifika, hutolewa ndani ya ndege na kupelekwa karakanani kwa fundi aliyesomea kazi hiyo.

Tulitazame jaketi moja tu. Fundi hulifungua na kulipima kama fundi cherehani apimavyo nguo ya arusi, mshono kwa mshono. Hulijaza hewa, akaliacha kwa muda uliowekwa, kisha akapima kama hewa imepungua. Mtungi mdogo wa gesi ulio ndani yake huupima kwa mizani, kwa kuwa gesi iliyovuja haionekani kwa macho ila uzito hupungua. Hukagua bomba la kupulizia kwa mdomo na taa inayowaka ikiguswa na maji. Baada ya hayo hulikunja vile vile kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, maana jaketi lililokunjwa vibaya laweza kukwama. Mwisho huandika tarehe na kutia sahihi.

Mtelezo nao hujaa hewa kwa muda wa sekunde chache. Kanuni za utengenezaji wa ndege kubwa zataka abiria wote waweze kutoka katika sekunde 90, hata kama nusu ya milango haifunguki. Oksijeni nayo ina hesabu yake. Ndege ikipoteza hewa ikiwa juu sana, mtu aweza kupoteza fahamu kabla ya dakika moja kwisha. Ndiyo maana mama huambiwa avae barakoa yake kwanza ndipo amvishe mtoto. Si kwamba amtangulize nafsi yake. Akizimia yeye, mtoto hana wa kumsaidia. Katika ndege nyingi oksijeni hiyo ya abiria hudumu takriban dakika 12 hadi 15, muda umtoshao rubani kuishusha ndege hadi penye hewa ya kuvuta.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya mbali. Sisi watu wa mwambao tuna sababu ya kuyaona kuwa ya karibu. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara na watu watatu. Mafuta yakaisha ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, na rubani Leul Abate akaiteremsha majini karibu na ufuo wa Mitsamiouli, kisiwani Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Miongoni mwao alikuwamo Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri aliyezaliwa Eastleigh, mwendo mfupi kutoka Kariobangi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu.

Katika msiba ule kuna jambo ambalo kila familia yapasa kulijua. Baadhi ya abiria walikuwa wamevaa majaketi yao na kuyajaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege, ingawa waliambiwa wasifanye hivyo. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuifikia milango. Majaketi yalifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kujua wakati wake. Basi ukiwa safarini na wanao, waambie: jaketi huvaliwa ndani, na kamba yake huvutwa ukiwa mlangoni, unapotoka.

Mwaka huo huo, tarehe 11 Mei, Marekani ilipata msiba ulioanzia karakanani. Ndege ya ValuJet ilianguka katika vinamasi vya Florida na watu wote 110 wakafa. Chini, katika sehemu ya mizigo, mlikuwa na masanduku ya vifaa vya kutengenezea oksijeni vilivyokwisha muda, vilivyotolewa katika ndege nyingine. Vifaa hivyo vikiwaka hutoa joto kali, na kwa hivyo kila kimoja hupasa kuvikwa kifuniko kidogo cha usalama. Vifuniko havikuwekwa, lakini karatasi za kazi zilitiwa sahihi kwamba vimewekwa.

Hapa tulisimama kwa muda mrefu. Kifuniko kidogo cha plastiki na sahihi isiyo ya kweli viligharimu roho 110. Katika kazi nyingi mteja huiona kasoro na kurudi kulalamika. Katika kazi hii fundi hufanya kazi peke yake mbele ya meza, na kile anachokikagua huenda kisifunguliwe na mtu mwingine hadi siku ya msiba. Sahihi yake ni ushahidi. Aliyelelewa akijua uzito wa amana na uzito wa ushahidi ameshapata sehemu ya mafunzo ambayo hakuna chuo kiwezacho kuyatoa kwa haraka.

Je, ni kazi ya mwanamke? Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanawake wa jeshi la anga la Uingereza ndio waliokabidhiwa kukunja parachuti za marubani. Ni kazi ya utulivu, macho makali na vidole vyepesi. Mtandio haukatazi mtu kupima mshono, ila lazima uvaliwe kwa kubana, ncha zake zikiwa ndani ya ovaroli, kwa sababu karakanani kitu chochote kinachoning'inia ni hatari. Na kuna jambo moja litakalowashangaza akina mama: fundi wa oksijeni hagusi kazi yake akiwa na mikono iliyopakwa mafuta, iwe ni ya nazi au ya dukani, kwani mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuzua moto. Mambo mengine, kama nafasi ya swala, zamu za usiku na usafiri wa kurudi nyumbani, ni vyema mzazi ayaulize kwa chuo na kwa mwajiri mapema, bila haya.

Njia yenyewe haianzi mbali. Kutoka Kariobangi, barabara ya Outering huteremka hadi Embakasi, kilipo chuo cha East African School of Aviation kilichoanzishwa mwaka 1954, kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Mwanafunzi huhitaji msingi mwema wa hisabati, fizikia na Kiingereza, kwa kuwa vitabu vya mafundi wa ndege duniani kote huandikwa kwa lugha hiyo. Kwa kawaida husomea kwanza uhandisi wa ndege kwa jumla, kisha akajikita katika vifaa vya usalama akiwa kazini, chini ya fundi mwenye leseni. Viwango vya kimataifa vyataka mwenye leseni ya ufundi wa ndege awe ametimiza miaka 18 na awe na uzoefu wa miaka 4, au miaka 2 kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Neno "iliyoidhinishwa" lisipuuzwe. Kabla ya kulipa karo katika chuo chochote, mzazi na aiulize Mamlaka yenyewe kama kozi ile inatambuliwa.

Hatutaki kumdanganya mtu. Nafasi za kazi hii si nyingi, karo si ndogo, na anayeanza huanza kwa kubeba na kusafisha. Hata hivyo ujuzi wake haufungwi ndani ya ndege. Meli zinazotia nanga Kilindini zina maboti ya mpira na majaketi yanayohitaji kukaguliwa kwa tarehe. Hospitali zina mitungi ya oksijeni. Majengo yana mitungi ya kuzimia moto. Na mashua zetu za Lamu na Pate, zinazobeba watoto wetu kila siku, zinahitaji watu wajuao tofauti ya jaketi zima na jaketi bovu. Wala hatusemi kwamba aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki ya halali amekosea. Wengi wamejenga nyumba na kusomesha ndugu zao kwa jasho hilo. Twasema tu kwamba msichana mwenye hisabati mkononi apewe nafasi ya kuzilinganisha karatasi zote mbili, si kusomewa moja.

Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga mkanda, na wahenga walitufunza tahadhari kabla ya athari. Kuna watu ambao tahadhari hiyo ndiyo ajira yao, na si lazima wawe watoto wa watu wengine.

Tulipopiga simu Kariobangi kabla ya kuandika makala haya, mama alituambia kwamba wakala alikuja tena, na akaombwa asubiri. Mjomba hajakubali. Lakini siku ya Jumamosi alimchukua binti, wakapanda matatu hadi Embakasi, akaingia naye ofisini na kuuliza mwenyewe habari za karo na za mkopo wa masomo. Njiani wakirudi, mama anasema, alimuuliza mpwa wake swali moja tu: "Hilo jaketi, wasema hupimwa kwa mizani?"

Binti akamweleza, tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka wakafika nyumbani.