Je, Wajua? Amoral si immoral

Wengi hulitumia neno la Kiingereza amoral wakimaanisha mtu mwovu. Sivyo. Mwovu, yaani immoral, anajua lililo jema na bado analikiuka. Amoral ni asiye na kipimo cha mema na mabaya kabisa. Ile a- ya mwanzo ni ya Kigiriki, maana yake "bila". Moral ina asili ya Kilatini.

Chukua Siongiroi, kaunti ya Bomet, kwa wafugaji wa maziwa. Ng'ombe akivunja ua na kula mahindi ya jirani, ni amoral: hasara ipo, dhambi haipo. Lakini mtu mzima anayetia maji kwenye maziwa kabla ya kuyapeleka kupimwa, hadi laktomita, kile chombo cha kupimia maziwa, inazama kupita kiasi, ni immoral. Alijua.

Na mtoto je? Hapa sheria ya Kenya imeonyesha utu. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha mema na mabaya, mpaka mahakama ipate ushahidi wa kuonyesha vinginevyo.