Fahamu: Haridwar ni lango la nani?
Haridwar, mji wa kaskazini mwa India, ndipo mto Ganga unapotoka milimani na kuingia uwandani. Wafuasi wa mungu Vishnu husema jina la mji huo ni lango la Hari, yaani Vishnu. Wa mungu Shiva hutamka Hardwar, lango la Hara, yaani Shiva. Wapo wanaodai hiyo ni tofauti ya matamshi tu, lakini herufi moja, i, hubadilisha mungu. Hata hivyo, hakuna haja ya kumtafuta mshindi. Mahujaji hupita hapo wakielekea Badrinath kwa Vishnu na Kedarnath kwa Shiva. Kwenye ngazi za Har Ki Pauri mjini humo huheshimiwa unyayo wa Vishnu, ukioshwa na mto ambao, kwa masimulizi, ulitua kwanza kwenye nywele za Shiva. Lango ni moja, na majina yote mawili ni ya haki.